Kiharusi Hakingoji Barabara Ikauke

Mtu akianguka ghafla kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, upande mmoja wa mwili ukalegea na ulimi ukawa mzito, safari ya kumfikisha Mpanda si ya dakika. Masika yakishika, safari hiyo hurefuka zaidi. Ndugu zetu wa Tumbatu na Kojani hawatastaajabu kusikia haya, kwani wao nao hawana budi kuvuka maji kabla ya kuliona gari la wagonjwa. Huku ni pori la miombo, huko ni bahari. Shida ni ile ile.

Tunalisema hili kwa sababu kiharusi hakina subira. Hutokea ama mshipa wa damu wa ubongo unapopasuka, ama, na hivi ndivyo mara nyingi zaidi, donge la damu linapouziba. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa. Dawa ya kuyeyusha donge ipo, lakini yapasa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Aliyevuja damu akipewa dawa hiyo, yaweza kumwua.

Wapo waliodhani kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya. Dhana hiyo ilivunjwa na hesabu zilizofanywa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2000 daktari Richard Walker wa Uingereza, pamoja na wenzake, wakiwamo Watanzania, walitangaza katika jarida la Lancet matokeo ya kuchunguza vifo vya Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, tangu Juni 1992 hadi Mei 1995. Watu wazima 421 walikuwa wameuawa na kiharusi. Kwa wanaume wenye umri wa miaka 15 hadi 64, ambao ndio nguvu kazi ya taifa, vifo kwa mwaka vilikuwa 65 katika kila watu 100,000 Dar es Salaam, 44 Hai, na 35 Morogoro vijijini. Uingereza na Wales havikufika 11.

Tuzingatie maana yake. Hata pale palipokuwa na nafuu kuliko kote, mkulima wa Morogoro alikabiliwa na hatari iliyozidi mara tatu ile ya Mwingereza wa rika lake. Watafiti waliona kwamba huenda sababu kubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Mwaka 2010 walitangaza tena kwamba wanaopatwa na kiharusi kwa mwaka ni wapatao 109 katika kila 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam. Visiwani nako, uchunguzi wa wagonjwa waliolazwa katika hospitali za Unguja, uliotangazwa mwaka 2022, umethibitisha kwamba mzigo huu ni mkubwa.

Lipo na jambo la imani. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walieleza kwamba Dar es Salaam wengi walikitafsiri kiharusi kuwa kazi ya mapepo na uchawi, ilhali wa Hai walitaja zaidi sababu za mwili. Basi asiseme mtu kwamba ushirikina ni wa vijijini tu.

Katavi haikuwamo katika hesabu hizo. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki moja katika sensa ya 2022, nao wametawanyika toka Mishamo hadi Mpimbwe. Katika nchi pana namna hii, si rahisi kushinda mbio za saa nne na nusu. Ushindi utapatikana katika zahanati, miaka kumi kabla ya mtu kuanguka.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu, wa bara na wa visiwani, wahakikishe kwamba kila zahanati ina kipimo cha shinikizo la damu, tena kizima, na mtu anayejua kukitumia. Na kwamba vidonge vya maradhi hayo havikatiki, kwani mgonjwa aliyerudi mikono mitupu mara mbili hataifuata zahanati mara ya tatu. Wananchi nao wapunguze chumvi, waache tumbaku, na wasiache dawa kwa kuwa wanajiona wazima. Shinikizo la damu aghalabu haliumi. Huharibu mishipa kimya kimya.

Kidonge cha kila siku ni gharama ndogo kuliko kumwuguza baba aliyepooza na kuiacha familia bila mlishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukishaanguka, mara nyingi haujengeki tena.