Tuhesabu Saa za Kazi kwa Haki

Uislamu unatukataza kupunja vipimo, na saa za mfanyakazi nazo ni kipimo. Tuone namna ya kuzihesabu katika Excel.

Tuchukue mfano wa fundi wa hapa Buswelu. Kwa siku tano anaingia saa 1 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, na hupumzika saa moja. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, hivyo tunaandika 07:00 katika B2, 17:00 katika C2 na 01:00 katika D2. Katika E2 tunaandika =C2-B2-D2. Jibu ni 9:00.

Jumla ya wiki, =SUM(E2:E6) katika E7, huweza kuonekana 21:00 badala ya 45:00, kwa kuwa saa zikifika 24 huanza upya. Dawa ni kubadili muundo wa E7 uwe [h]:mm.

Ujira ukiwa shilingi 2,000 kwa saa, tunaandika =E7*24*2000, kwani kwa kompyuta siku nzima ni 1. Kisanduku hicho kiwe cha namba. Jibu ni 90,000. Bila ile 24 ni 3,750 tu!

Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, saa 45 ndizo kikomo cha kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Tusimdhulumu mtu jasho lake.