Bustani ya magunia katika klabu ya shule

Shule nyingi hazina eneo kubwa wala maji ya kutosha. Hata hivyo, watoto wanaweza kulima mboga kwenye magunia.

Changanya udongo na samadi iliyooza. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lililokatwa kitako, lijaze mawe madogo, kisha zungushia udongo. Vuta kopo juu, jaza tena, hadi gunia lijae. Nguzo hii ya mawe hupeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni upande miche ya sukuma wiki. Juu sia mchicha. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo watoto huona faida mapema.

Lipe kila kundi gunia lake na zamu ya kumwagilia. Maji yaliyooshea mboga yanafaa pia. Panga mapema nani atamwagilia wakati wa likizo, maana hapo ndipo bustani nyingi hukauka.

Muhimu zaidi: bustani isiwe adhabu. Mtoto anayelimishwa kwa sababu ya kosa hujifunza kuchukia jembe. Wape watoto miche wapeleke nyumbani, wazazi nao waanze.