Vitabu vya Kiinimacho Nyumbani Mwako

Shikeni madaftari yenu. Leo twasoma namna mtu asiye na fedha nyingi awezavyo kujiwekea vitabu vya mazingaombwe.

Huenda wauliza: vitanifaa nini? Pengine siku ya mnada umemwona mtu na karata zake tatu juu ya boksi. Huko Kenya mchezo huo huitwa pata potea. Mkulima huiacha pale fedha ya mahindi yake kwa kuwa haujui ujanja wa mkono. Aliyeusoma hupita zake.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu juu ya uchawi. Siku zile watu waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, naye akafunua michezo ya wafanya mazingaombwe ili ionekane kuwa ni wepesi wa vidole, si pepo. Sisi Tanzania nasi tumewapoteza wazee kwa masingizio kama hayo.

Usinunue vitabu kumi. Anza na kimoja, nacho kiwe cha sarafu, maana sarafu unayo mfukoni. J. B. Bobo alitoa Modern Coin Magic mwaka 1952. Cha karata ni The Royal Road to Card Magic cha Hugard na Braue, cha mwaka 1948. Huanza na kuchanganya karata tu. Vyote ni vya Kiingereza. Basi mwombe kijana wa sekondari akusomee, nawe uandike kwa Kiswahili. Daftari hilo ndilo kitabu chako cha pili, na kwangu mimi lapita cha kwanza.

Andika hivi: Shika sarafu kwa ncha za vidole vya kushoto, kiganja kikielekea juu. Mkono wa kulia ujifanye kuichukua, kidole gumba kikipita chini yake. Papo hapo iachie ianguke katika kiganja cha kushoto. Fumba mkono wa kulia, uondoe, na macho yako yaufuate. Watu hutazama pale unapotazama wewe. Ukiutazama wa kushoto, umejifichua.

Vitabu viweke katika sanduku la bati, kwa ajili ya mchwa, na anayeazima umwandike jina na tarehe.

Juma lijalo kila mmoja aje na sarafu ya shilingi 200. Mtajaribu wawili wawili.