Azania, Zanj, Sawahil: Majina ya Pwani Yetu Yalitoka Wapi?

Kila unapozuka mjadala wa nani mwenyeji wa pwani, huisikia hoja hii: neno "Swahili" ni la Kiarabu, basi Waswahili nao ni watu wa kuja. Kwamba neno ni la Kiarabu, sibishi. Sawahil ni wingi wa sahil, yaani pwani. Lakini tangu lini asili ya jina ikawa ndiyo asili ya watu?

Wa kwanza kutuandika ni Wayunani. Karne ya 1 Miladia, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kiyunani mwongozo wa safari za baharini uitwao Periplus. Pwani hii aliiita Azania, na bandari yake ya mwisho Rhapta. Humo anaeleza kuwa manahodha wa Kiarabu walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Hiyo ni zaidi ya miaka mia tano kabla ya Uislamu, na tayari palikuwa na wenyeji wa kuoa kwao na lugha ya kujifunza. (Jina Azania baadaye lilihamia kusini, baadhi ya wapigania ukombozi wa Afrika Kusini walitaka nchi yao iitwe hivyo.)

Wakaja wanajiografia wa Kiarabu. Al-Masudi, katika karne ya 10, alituita nchi ya Zanj, na jina Zanzibar limetokana na neno hilo. Ibn Battuta alipita hapa 1331. Kwake Kilwa imo katika nchi ya Zanj, na Mombasa iko mwendo wa siku mbili kutoka nchi ya Sawahil. Ajabu kweli: Mombasa hii tunayoiona ndiyo kitovu cha Uswahili, kwake ilikuwa nje ya Sawahil!

Wareno walijenga Ngome ya Yesu 1593, wakafukuzwa 1698. Waingereza ndio waliotuvisha jina la sasa. Mwaka 1920 bara likawa Koloni la Kenya, na ukanda wa maili kumi, uliokuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, ukaitwa Himaya ya Kenya. Jina hilo ni la mlima ulio takriban kilomita 500 kutoka Mombasa, ambao Krapf, mmishenari aliyekaa Rabai, aliuona 1849. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngomeni hadi 1963.

Na wenyeji je? Wao walijiita kwa miji yao: Wamvita, Waamu, Wapate, Wavumba. Nchi nzima walikuwa na haja gani ya kuipa jina moja, na kila mji ulikuwa na mfalme au wazee wake? Mombasa yenyewe waliiita Mvita, na Gongwa. Gongwa siku hizi utalikuta zaidi katika mashairi, ila Mvita lingali jina la eneo bunge, na kila uchaguzi huchapishwa kwenye karatasi za kura.