Kompyuta Yenye Kugeuza Antena

Mtakatifu Maximilian Kolbe, yule padri wa Poland aliyeuawa Auschwitz mwaka 1941, alikuwa pia mtu wa redio. Mwaka 1938 alianzisha kituo cha redio katika monasteri yake ya Niepokalanów. Ndiyo maana watu wengi wanaotumia redio kwa kuipenda tu, bila mshahara, humwona kuwa msimamizi wao. Siku zile swichi ziligeuzwa kwa mkono. Leo kazi hiyo yaweza kupewa kompyuta.

Mtu wa redio hasemi katika mkanda mmoja tu. Mchana hutumia mkanda wa mita 20, na usiku labda ule wa mita 40, ambao gizani hufika mbali. Kila mkanda wataka antena yake: waya wa mita 10 hivi kwa ule wa kwanza, na wa mita 20 hivi kwa ule wa pili. Tena kati ya redio na antena huweza kuwapo mashine ya kuongeza nguvu, nayo sharti ifuate mkanda. Ikisahauliwa, nguvu iliyokosa njia hurudi nyuma, na mashine ya fedha nyingi huungua.

Basi redio yenyewe hutangaza mkanda wake. Redio nyingi za Yaesu zina nyuzi 4 kwa kazi hiyo, zenye thamani ya 1, 2, 4 na 8. Uzi wa 1 na wa 2 zikipata umeme pamoja, jumla ni 3, yaani mita 40. Wa 1 na wa 4 ni 5, yaani mita 20. Hesabu ya watoto wadogo! Kompyuta husoma jumla na kugeuza swichi zipasazo.

Ugumu uko katika wakati. Mgeuza reli hupindua chuma kabla gari la moshi halijafika, wala si chini ya magurudumu. Katika Morse, kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja hudumu sehemu 60 za elfu ya sekunde, na swichi za kawaida huhitaji kama 10 hadi 20 ili zitulie. Kwa hiyo kompyuta huamuru kwanza swichi, hungoja kidogo, ndipo huachilia nukta. Tena kwa kuwa kompyuta hushughulika na mambo mengi kwa mara moja, mkono wake huyumba. Hivyo wengi huiachia kutoa herufi tu, na kidude kidogo chenye akili yake hupiga nukta na mistari kwa mapigo sawasawa.

Kuna na hila nyingine. Kompyuta inapoamka, nyuzi zake huweza kupata umeme bila amri ya mtu, na redio ikaanza kurusha mawimbi huku mwenyewe yuko mezani anakunywa chai! Mwenye busara huwasha kompyuta kwanza, huingoja itulie, na mashine ya kuongeza nguvu huiwasha mwisho kabisa.