Umelipa, Mzigo Ukaja Sivyo: Namna ya Kudai Pesa Zako (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia mambo ya kukagua kabla ya kununua kitu mtandaoni kwa mtu usiyemfahamu. Leo nataka tukae na yule ambaye pesa zake zimeshakwenda. Kumwambia huyu kwamba angekuwa mwangalifu ni kumwongezea uchungu bure. Anachotaka kujua ni kimoja tu: zitarudi vipi?

Tuchukue mfano wa kila siku. Mwanafunzi aliye Eldoret anaona tangazo la laptopu kwenye Facebook. Muuzaji si duka. Ni mtu wa Nairobi anayesema anauza laptopu yake mwenyewe kwa Sh38,000. Wanazungumza kwa WhatsApp, picha zinatumwa, kumbukumbu inatajwa kuwa GB 16. Mwanafunzi anatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unapakiwa kwenye basi la usiku. Asubuhi anafungua boksi: mashine ni ileile ya kwenye picha, lakini kumbukumbu ni GB 4 na betri haishiki chaji. Akipiga simu anaambiwa, "Mimi nimekutumia niliyokuwa nayo." Akipiga tena, simu haishikwi.

Jambo la kwanza analofanya karibu kila aliyefikwa na hili ni kujaribu kurudisha muamala. Mteja wa Safaricom huutuma ujumbe wa M-Pesa jinsi ulivyo kwenda 456, na ombi lake hushughulikiwa. Ila huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa zilizokwenda kwa namba isiyokusudiwa. Pesa za mwanafunzi wetu zilikwenda kwa mtu yuleyule aliyekusudiwa, kwa kiasi kilekile walichopatana. Kampuni ya simu haina mamlaka ya kuamua kama laptopu ilikuwa nzuri au mbovu. Hali ni tofauti kidogo kwa mtu anayegundua papo hapo kwamba hakuna laptopu wala muuzaji. Huyo na apige simu kwa huduma ya wateja bila kupoteza dakika, na ujumbe wa tapeli autume 333. Tapeli naye anajua saa inakwenda, na pesa zikishatolewa kwa wakala hakuna kilichobaki cha kuzuia.

Jambo la pili ni kwenda polisi, na hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Malalamiko yanaandikwa kwenye kitabu cha matukio, unapewa namba ya OB, kisha afisa anakuambia, "Hii ni kesi ya madai, si ya jinai." Mlalamishi anatoka akiamini kwamba polisi wamehongwa. Huenda wakati mwingine ni uzembe, lakini mara nyingi afisa huyo anayo sababu katika sheria, na ni vyema tuielewe.

Kifungu cha 312 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza maana ya kujipatia mali kwa hila. Kauli ya uongo lazima iwe inahusu jambo lililokwisha kuwa au lililopo wakati inatamkwa, na msemaji awe anajua kwamba ni uongo au haamini kwamba ni kweli. Ahadi ya jambo la kesho haimo humo. Mtu akikuambia "nitakutumia mzigo Ijumaa" na Ijumaa ikapita, amevunja mkataba. Peke yake kauli hiyo haimfanyi mhalifu. Lakini akikutumia picha ya laptopu ya mtu mwingine na kudai anayo mkononi, hapo amesema uongo kuhusu jambo lililopo, na kifungu cha 313 kinaweza kumpeleka gerezani hadi miaka 3. Muuzaji wetu alisema GB 16. Kama alijua ni GB 4, kuna kosa la jinai. Kama naye aliuziwa hivyo na hakuwahi kuangalia, hakuna. Kuthibitisha alichokijua ndiyo kazi ngumu, na kesi nyingi za namna hii zinakwama hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: piga ripoti, weka namba ya OB, lakini usikae ukingoja polisi wakurudishie pesa. Kesi ya jinai lengo lake la kwanza ni kumwadhibu mkosaji. Mahakama inaweza kuamuru mlalamishi alipwe, ila hilo huja mwishoni, baada ya mtu kukamatwa, kushtakiwa na kupatikana na hatia. Tena Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika kifungu cha 193A, inaruhusu kesi ya jinai na ya madai kuendelea sambamba hata kama zinahusu jambo moja. Anayekuambia uchague moja anakupotosha.

Kabla ya kwenda mbele, kuna swali ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko vifungu vyote: unamdai nani? Mahakama humwita mtu, haiiti akaunti ya Facebook. Ujumbe wa M-Pesa hukupa jina, na jina hilo ni la aliyesajili laini, ambaye huenda si yule uliyezungumza naye. Kampuni ya simu haiwezi kukupa kitambulisho wala makazi ya mteja wake kwa kuomba tu. Kwa kawaida maelezo hayo hutoka kwa amri ya mahakama, na hapa ndipo ile ripoti ya polisi inapofaa. Lakini mtu aliyekuuzia kitu chake halisi mara nyingi ameacha alama. Risiti ya basi ina jina la aliyeleta mzigo. Pengine mliwahi kuzungumza kuhusu mtaa anakoishi au kazi anayofanya. Pengine ana rafiki mnayefahamiana naye. Yakusanye hayo mapema, wakati bado mnazungumza vizuri, kwa maana mara tu utakapotaja mahakama tangazo litafutwa na namba yako itafungiwa. Na kama muuzaji alikuwa tapeli kamili, mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi wa kijijini asiyejua lolote, sitakudanganya: kesi ya madai haitakusaidia mpaka wachunguzi wampate.

Tukirudi kwa muuzaji anayejulikana, sheria iko upande wa mnunuzi kuliko wengi wanavyodhani. Watu huamini kwamba bila karatasi iliyotiwa sahihi hakuna mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka mauzo ya kuanzia shilingi 200 yawe na maandishi, au mnunuzi awe amelipa sehemu ya bei, au awe amepokea bidhaa. Anayelipa na kupokea mzigo ametimiza sharti hilo bila kuandika neno.

Kifungu cha 15 kinasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Hicho ndicho cha kushikilia. Kuhusu ubora kwa jumla, kifungu cha 16 humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inahusu wanaofanya biashara. Mtu anayeuza laptopu yake moja hayumo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wetu akilalamika tu kwamba "betri ni mbovu", huku betri haikutajwa popote, dai lake ni hafifu; akilalamika kwamba aliandikiwa GB 16 akapewa GB 4, dai lake lina nguvu. Ndiyo maana yale mazungumzo ya WhatsApp yana thamani kubwa hivyo. Na kama simu au laptopu uliyonunua ni ya wizi, kwa kawaida mwenyewe halisi ataichukua, nawe utamdai aliyekuuzia bei yote, kwa kuwa aliuza kisicho chake.

Sasa angalia muda. Mnunuzi anayekubali bidhaa hupoteza haki ya kuikataa, hubaki na haki ya kudai fidia tu. Na kukubali si lazima useme. Ukikaa na kitu kwa muda usio wa kawaida bila kumjulisha muuzaji kwamba umekikataa, au ukikifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake angelifanya, umekikubali. Kwa hiyo mwanafunzi asiipeleke laptopu kwa fundi ikafunguliwe, asiiuze, asiitumie muhula mzima ndipo alalamike. Siku hiyohiyo amwandikie muuzaji: sikubali, hailingani na ulichosema, nirejeshee pesa, na mzigo wako uko hapa tayari kuchukuliwa. Sheria haimlazimishi kuurudisha kwa gharama yake. Inatosha ajulishe kwamba ameukataa, isipokuwa wawe walipatana vinginevyo.

Baada ya hapo barua ya madai. Haihitaji wakili. Taja tarehe ya mauzo, kiasi, namba ya muamala wa M-Pesa, kilichoahidiwa na kilicholetwa, kiasi unachodai, na siku unazompa, tuseme siku 7. Itume kwa njia ambayo utaweza kuionyesha baadaye. Nimeona madai mengi yakimalizikia hapa, kwa sababu muuzaji wa kawaida, si tapeli, anapoona tarehe na namba zimepangwa hivyo anatambua kwamba mwenzake hatanii. Kinachoharibu hatua hii ni kumwanika kwenye mitandao kwa picha na matusi. Unampa kisa cha kukushtaki kwa kumchafulia jina, na unamfungia mlango wa kulipa kwa heshima.

Asipolipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, kwa Kiswahili. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, naye ni wakili mwenye uzoefu. Sheria inataka dai lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hatima ya hukumu iliyochelewa kupita siku hizo, kwa hiyo usiwe wewe wa kuomba kesi iahirishwe. Rufaa hukubaliwa kwa hoja za sheria tu. Maana yake, ukweli wa kisa chako una nafasi moja ya kusikilizwa, ulete ushahidi wote siku hiyo.

Dai husajiliwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, na ukikwama usione haya kumwuliza karani. Kanuni za mwaka 2020 za Mwenendo wa Kesi za Madai ziliruhusu pia mdaiwa kupelekewa hati kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe wa simu, jambo ambalo limemwondolea kinga muuzaji aliyezoea kujificha nyuma ya namba ya WhatsApp. Kuhusu ushahidi, mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni kali za ushahidi, lakini usijiamini kupita kiasi. Picha ya skrini iwe inaonyesha namba ya simu, si jina ulilolihifadhi wewe mwenyewe. Hifadhi mazungumzo yote, yakiwemo yale usiyoyapenda. Chukua taarifa rasmi ya M-Pesa. Andaa cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ni kifaa gani kilitoa nakala hizo na nani alizitoa. Na simu yenyewe usiiuze.

Niongeze neno kwa ajili ya wauzaji, kwani nao wanaumizwa. Kuna wanunuzi wanaolipa, wanachukua bidhaa, kisha wanaiambia kampuni ya simu kwamba walikosea namba ili muamala urudishwe. Wengine huonyesha ujumbe bandia wa malipo. Muuzaji aliyefanyiwa hivyo anadai bei ya bidhaa yake katika mahakama ileile, na kwake yeye kesi ya jinai ina miguu zaidi, maana kudai kwamba pesa zilikwenda kimakosa ni uongo kuhusu jambo lililokwisha kutendeka. Akipigiwa simu na kampuni kuhusu ombi la kurudisha, akatae palepale na aeleze kwamba aliuza bidhaa.

Hukumu ikitoka, bado pesa hazijaingia mfukoni. Mdaiwa asipolipa, utaomba mali yake ikamatwe na dalali wa mahakama au pesa zilizo kwenye akaunti yake ya benki zishikwe, na kila hatua ina gharama yake. Kwa deni la Sh38,000, dalali anaweza kumeza sehemu nono. Ndiyo maana napendelea mapatano: mdaiwa akubali kulipa kwa awamu, na makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri. Akikiuka, huanzi upya. Namna ya kukazia hukumu tutaieleza kwa kina juma lijalo.

Ukomo wa kudai kwa mkataba uliovunjwa ni miaka 6 tangu uvunjwe. Lakini ndugu msomaji, usiisubiri hata miezi 6. Ikiwa unasoma haya na mzigo mbovu uko mezani, mwandikie muuzaji leo hii kwamba umeukataa, kisha kaa chini uandike barua ya madai.