Ngozi Haikingi kwa Unene Wake

Watu wengi hudhani kuwa ngozi hutulinda kwa unene wake, ilhali tabaka yake ya nje kabisa, ile ambayo vijidudu vya maradhi hukutana nayo kwanza, katika sehemu nyingi za mwili haifikii unene wa karatasi ya kuandikia, na juu ya hayo imefanyika kwa seli zilizokwisha kufa. Seli hizo huzaliwa chini, husukumwa juu siku baada ya siku huku zikijaa keratini, na baada ya majuma 4 hivi huwasili juu zikiwa bapa na kavu, zimepandana na kushikamanishwa kwa mafuta, mfano wa makuti ya paa ambayo yalikufa zamani na hata hivyo huzuia mvua. Kila siku baadhi yake hupukutika, nazo huondoka na bakteria waliozing'ang'ania.

Lakini ukavu peke yake hautoshi. Jasho na mafuta ya ngozi huupa uso wake ukali wa asidi, kipimo cha pH kikiwa karibu 5, hali isiyowaafiki bakteria wengi wenye dhara bali huwafaa wakazi wake wa aushi, aghalabu Staphylococcus epidermidis, ambao kwa kushika nafasi na kula chakula kilichopo huwanyima wageni makao. Sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10; mwenye kujisugua nazo kutwa mara nyingi, kwa dodoki na kwa bidii, huondoa mafuta, hupunguza asidi na kuwafukuza wakazi wema, kisha hustaajabu kuona ngozi imechanika na kuwasha. Sina ugomvi na usafi. Ugomvi wangu ni na ukwaruzaji.

Chini ya makuti hayo wamo walinzi walio hai. Paul Langerhans aliwaona mwaka 1868 huko Berlin, naye angali mwanafunzi wa utabibu, akadhani ni seli za neva kwa vile zilivyotandaza matawi. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya wataalamu kutambua kuwa kazi yao ni kumnasa mgeni na kwenda kumshtaki kwenye tezi za limfu.

Basi mara nyingi kidonda au uvimbe wa ngozi humwambia tabibu ni mlango upi uliovunjwa. Jipu ni bakteria walioingia penye shina la unywele, na usaha wake ni mabaki ya vita. Kulikamua ni kuusukuma usaha ndani zaidi, na likiwa puani au juu ya mdomo ni hatari kubwa, maana mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kufika ndani ya fuvu.

Choa ni habari nyingine. Kuvu wake hula keratini yenyewe, wakienea nje kwa duara huku katikati pakipoa. Hapa ndipo krimu zenye steroidi, na mikorogo ya kujichubua iliyotiwa dawa hiyo kwa siri, hufanya hiana: huwanyamazisha walinzi, wekundu na muwasho hupungua, mgonjwa hufurahi, na kuvu huendelea kutambaa bila ya kupingwa. Duara hupotea, na hata tabibu hodari huweza kukosea kulitambua.

Upele nao huletwa na mdudu mdogo achimbaye mfereji ndani ya tabaka ya juu, jambo ambalo Giovanni Cosimo Bonomo wa Italia alilieleza mwaka 1687. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma 4 hadi 6 pasipo kuwashwa, kwa hiyo nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, na nguo na matandiko hufuliwa kwa maji ya moto. Muwasho huweza kudumu majuma kadhaa baada ya wadudu kufa, maana mwili ungali ukichukizwa na mabaki yao. Wanaojipaka dawa upya kila usiku kwa hofu kwamba wadudu wangali hai huishia kujiunguza ngozi.